Kangaruu aliyefutwa: uchambuzi wa kisa cha bunduki ya shabaha iliyouzwa kwa jina lisilo lake

Kabla ya yote

Kisa hiki ni cha kweli, ila nimetoa majina, mji, kampuni ya mnada na namba zote za bunduki yenyewe. Mnunuzi tumwite Bwana M, ameniruhusu kuandika. Mimi ndiye niliyekuwa namshauri na sehemu ya makosa ni yangu mwenyewe, kwa hiyo msidhani nimekaa pembeni nachambua ya mwenzangu.

Usuli

Bwana M ni mtu wa pwani, yuko Uingereza miaka mingi, na kazi yake haina uhusiano wowote na silaha. Aliingia klabu ya shabaha kwa kufuatana na mfanyakazi mwenzake, akaanza na bunduki ya klabu, baadaye akashikwa na ule ugonjwa wa vitu vya zamani, wanaopenda Land Rover za kale na redio za taa watanielewa, mtu anaanza na moja halafu chumba hakitoshi.

Kwa asiyejua mchezo huu, historia yake fupi ni hivi. Vita vya Makaburu (1899–1902) viliwaaibisha Waingereza, wakaona vijana wao hawajui kulenga. Lord Roberts, jemadari mwenyewe, akasukuma wazo la raia wa kawaida kufundishwa shabaha, na mwaka 1901 kikaanzishwa chama cha klabu za wafanyakazi ambacho ndicho kilizaa NSRA ya leo, chama cha taifa cha shabaha ya bunduki ndogo. Risasi waliyochagua ni .22 (kipimo cha unene wake kwa inchi) maana ni ndogo, rahisi, haina kelele nyingi, unaweza kupiga yadi 25 hata ndani ya ghala. Hapo viwanda vya Birmingham vikapata soko, na BSA, kampuni iliyoanzishwa 1861, ndiyo iliyotamba zaidi na bunduki zake ndogo za mtambo wa Martini.

Martini ni hivi: ukishusha mkono wa chini kizibo, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kinainama mbele, unaingiza risasi moja kwa kidole, unarudisha mkono, tayari. Ni ukoo ule ule wa Martini-Henry iliyopitishwa na jeshi la Uingereza mwaka 1871, ile ambayo Wazulu mwaka 1879 waliijua kwa upande wa mbele wa mtutu. Hii ya shabaha ni mdogo wake, mpole.

Sheria nayo lazima niitaje maana inaingia kwenye kisa. Kule .22 hata kama ni ya mwaka wa babu inahitaji kibali cha polisi, na kabla hujainunua kibali chako kiwe tayari kina nafasi ya bunduki ya aina hiyo. Ukishaipata, polisi wajulishwe ndani ya siku 7 pamoja na namba ya bunduki. Kumbukeni hiyo namba.

Yaliyotokea

Katalogi ya mnada iliandika: bunduki ya shabaha BSA Model 12, .22, ya mwaka 1912, ikiwa na saiti zake za asili za Parker-Hale, yaani vifaa vya kulengea vya kampuni hiyo. Picha sita. Nne za upande wa kushoto, moja ya kitako, moja ya saiti ya nyuma. Upande wa kulia haukuwepo na hakuna aliyeuliza.

Bwana M hakwenda kuiona, aliweka bei kwenye intaneti akiwa kazini. Ilianguka kwa pauni 280, ada ya mnada pauni 70, kodi juu ya ada pauni 14, jumla 364. Ikapelekwa kwa muuzaji mwenye leseni karibu na kwake, akaenda kuichukua na kibali chake, akawajulisha polisi siku ya pili tu. Namba aliyowapa ni ile ya kwenye karatasi ya mnada, hakuisoma kwenye chuma.

Jumamosi akaisafisha. Hapa ndipo moyo wangu uliuma nilipokuja kusikia. Alichukua steli wuli na mafuta akasugua bodi lote, kile chuma cha katikati kinachobeba mtambo, mpaka likang'aa, kwa nia njema kabisa, yani kama mtu anavyoosha sufuria ya mgeni. Hakupiga picha hata moja kabla.

Wiki iliyofuata akaileta klabuni. "Kaka, hebu nitazamie mzigo." Nikauangalia na nikafurahi naye kwanza, ni bunduki nzuri, inakaa begani vizuri. Halafu nikaanza kusoma alama.

Alama za Birmingham ni kama mihuri ya pasipoti. Kila mtutu unaouzwa Uingereza lazima upimwe kwanza, unapigwa risasi yenye nguvu kupita kawaida, ukivumilia unagongwa muhuri. Nyumba ya kupimia ya Birmingham ipo tangu 1813, na mihuri yake imebadilika kila kanuni zilipobadilika, kwa hiyo ukijua mihuri unajua umri. Bunduki ya Birmingham ya 1912 inatakiwa iwe na taji juu ya herufi BP, BV, NP, kila moja peke yake, kwa utaratibu wa 1904. Hii ilikuwa nayo kwenye bodi. Lakini kwenye mtutu kulikuwa na taji juu ya BNP, herufi tatu pamoja, na huo ni muhuri wa kanuni za 1954. Mtutu wa 1912 ulikwenda kufanya nini kwenye nyumba ya upimaji baada ya 1954?

Nikageuza mdomo wa mtutu kwenye taa. Kulikuwa na duara jembamba, kama ufa wa nywele, kuzunguka tundu. Hiyo ni silivu. Fundi wa injini anajua: silinda ikiliwa unaichimba unaingiza silivu mpya, na kwenye bunduki ni vile vile, unatoboa mtutu wa zamani unaingiza bomba jipya lenye mifereji mipya ya .22.

Hapo mimi nikajiona mjanja. Nikamwambia jambo la kawaida sana hilo, risasi za .22 za zamani zilikuwa na baruti ya kuwashia inayoleta kutu, mtu asiposafisha jioni ile ile mtutu unaharibika, ndiyo maana bunduki nyingi za klabu zilitiwa silivu. Basi hii ni Model 12 halisi iliyotengenezwa upya. Akaridhika. Nami nikaridhika.

Lakini kulikuwa na kitu cha tatu nilichokiona siku ile ile nikakipita. Uso wa kizibo, pale inapotokea pini ya kulipua risasi, ulikuwa na kiduara kilichozibwa katikati kabisa, na tundu la pini limetobolewa pembeni kidogo. Nikasema moyoni labda kizibo kimebadilishwa, kimetoka kwenye bunduki nyingine. Nikaendelea na chai yangu.

Zikapita wiki tatu nzima tukitafuta kwenye vitabu na orodha za bei za zamani habari za Model 12, tunalinganisha urefu wa mtutu, umbo la kitako, na kila kisicholingana tukikitafutia udhuru. Kitako kilikuwa cha mkono wa bastola, yaani kilichopinda kama mshiko wa bastola, sawa na shabaha, lakini mbao haikukaa vizuri na chuma, palikuwa na mwanya unaoingia kucha. "Imekauka," nikasema. Wallahi nilisema hivyo.

Katikati ya hizo wiki tukaipiga pia. Risasi 20, nne hazikulipuka. Tukaziokota, tukaona pini imegusa ukingo kabisa, tena kijuujuu.

Risasi nne hizo ndizo zilinirudisha kwenye kile kiduara. .22 ina kiwashio kwenye ukingo wa ganda, kwa hiyo pini inapiga pembeni. Bunduki za risasi kubwa kiwashio kiko katikati, pini inapiga katikati. Kama kizibo hiki kilizaliwa na tundu la katikati, basi bunduki hii haikuzaliwa .22. Na Model 12 ni .22 toka tumboni.

Usiku ule nikamwambia zima taa za chumbani, chukua tochi, ilaze karibu na upande wa kulia wa bodi, mwanga upite kwa mshazari kama jua la magharibi, unitumie picha. Akanitumia. Kwenye chuma kilichosuguliwa palionekana kibonde kidogo, na juu ya kibonde upinde wa herufi uliobaki vivuli tu: TRAL, halafu nafasi, halafu A. Chini yake mstari uliopinda. Mkia.

Anayezijua hizi bunduki ameshaelewa. Australia ilianza mafunzo ya lazima kwa wavulana mwaka 1911, na kwa ajili yao serikali yake iliagiza kutoka Birmingham Martini ndogo za risasi ya .310, bunduki za makadeti. Upande wa kulia ziligongwa maneno COMMONWEALTH OF AUSTRALIA na picha ya kangaruu. BSA walitengeneza, na W.W. Greener pia. Baadaye zilipouzwa kama mali chakavu ya serikali mafundi wa nchi mbalimbali walizigombania, kwa sababu bodi lake ni lile lile dogo, imara, la bunduki za shabaha za BSA. Badilisha mtutu au tia silivu, hamisha pini, weka kitako kipya, una bunduki ya klabu kwa bei nafuu. Kitako cha kadeti ni cha moja kwa moja, hakina mkono wa bastola, na mwanya ule wa kucha ukapata maelezo yake.

Tukarudi kwenye namba. Zilikuwa mbili. Moja ya kiwanda, na nyingine iliyogongwa baadaye na wenye mali kwa ajili ya hesabu ya ghala lao, jambo la kawaida kwa bunduki za makadeti. Mnada uliandika ile ya ghala. Kwa maana hiyo kibali cha Bwana M kilikuwa na namba isiyo sahihi, na hilo si la kucheka.

Njia panda, na kwa nini tulichagua tulichochagua

Cha kwanza hakikuwa na mjadala: polisi. Asubuhi iliyofuata aliandikia kitengo cha vibali, akaambatisha picha za namba zote mbili na risiti. Kuna mtu klabuni alimshauri anyamaze, eti kuandika ni kujiletea balaa. Ushauri mbovu kabisa. Siku ya ukaguzi afisa akisoma namba nyingine kwenye chuma, utaeleza nini?

Cha pili, mnada. Bwana M alikuwa na hasira, alitaka kuwaita matapeli. Masharti yao yaliruhusu kurudisha kitu cha kughushi ndani ya siku 21, na sisi tulikuwa siku ya 26. Siku nyingi kati ya hizo nilizila mimi na nadharia yangu ya Model 12, na nilimwambia hivyo wazi. Ila hata tungekuwa siku ya tano nisingemshauri alilie kughushi, na sababu ni ule muhuri wa BNP. Sheria ya upimaji ya 1868 inakataza kuuza silaha isiyo na upimaji halali, na ukibadilisha mtutu kiasi hiki unaurudisha upimwe. Aliyeitia silivu bunduki hii aliipeleka nyumba ya upimaji, ikapigwa, ikavumilia, ikagongwa. Tapeli hapeleki kazi yake kwa wapimaji wa kisheria ikakaguliwe. Kufuta kangaruu ilikuwa ni kusafisha uso wa bunduki ya klabu, siyo kumdanganya mkusanyaji wa miaka 60 mbele ambaye hajazaliwa bado. Uongo uliingia kwenye katalogi, kwa mtu aliyeona BSA, akaona Martini, akaona .22, akamalizia mwenyewe.

Kwa hiyo tuliandika barua ya heshima, kurasa mbili, picha tisa, hakuna neno la tusi: maelezo yenu hayalingani na kitu, ushahidi huu hapa, namba nayo mliandika isiyo ya kiwanda.

Cha tatu ndicho kilichotugawanya. Rafiki mmoja mkusanyaji alisema irudishwe kwenye asili yake, atafute mtutu wa .310, kitako cha moja kwa moja, na kangaruu agongwe upya, mihuri ya kugongea inatengenezeka. Bwana M alivutiwa. Mimi nilikataa kwa nguvu zangu zote. Kugonga kangaruu mpya juu ya chuma kilichosuguliwa ndiko kughushi kwenyewe, hata kama kangaruu alikuwepo. Na mtutu wa .310 unataka nafasi nyingine kwenye kibali, risasi zake hazipatikani dukani hivi hivi, unajaza mwenyewe, na mwisho wa siku unavunja kazi ya fundi iliyopita upimaji ili upate kitu kinachofanana na picha ya kitabuni. Kama mtu ana nyumba ya mawe ya zamani Mji Mkongwe, wajukuu waliongeza ghorofa miaka ya 50, huibomoi ghorofa ili upate picha ya mwaka 1890. Bwana M akafikiri wiki moja, akaiacha ilivyo.

Cha nne, fundi. Ilipelekwa kwa fundi bunduki, akakagua nafasi kati ya kizibo na ganda, akabadilisha springi iliyochoka, akarekebisha ncha ya pini ipige ukingo vizuri. Pauni 65.

Matokeo

Polisi walirekebisha namba, wakashukuru, basi. Mnada walikataa kwanza kwa barua ya mistari mitatu. Baada ya picha kufika kwa mtu anayejua bunduki pale kwao walirudisha ada yao na kodi yake, pauni 84, bila kukiri kitu. Bei ya bunduki yenyewe ilibaki palepale.

Kwenye shabaha ya yadi 25, kadi ya alama 100, ikampa 91 siku ya kwanza baada ya fundi na 94 wiki iliyofuata. Mkono wa Bwana M ndio uliomfikisha hapo, chuma kina zaidi. Haijakataa kulipuka tena.

Uchambuzi

Kilichotuokoa ni mihuri na mwanga wa tochi, vyote bure. Ila kulikuwa na kingine cha bure kabla hata ya kununua, kimekaa kwenye katalogi kinatuangalia: "ya mwaka 1912" na "saiti zake za asili za Parker-Hale" kwenye sentensi moja. Jina la Parker-Hale ni la miaka ya 1930, kabla ya hapo ilikuwa A.G. Parker. Haiwezekani bunduki ya mwaka 1912 kutoka kiwandani na saiti yenye jina ambalo halijaanza kutumika. Sentensi ile ilitosha kumfanya mtu aombe picha za upande wa kulia, za mdomo wa mtutu na za uso wa kizibo. Mimi mwenyewe niliisoma siku ya mnada, aliniletea kwenye simu, nikasema "safi, chukua".

Kosa langu kubwa lakini siyo hilo. Ni kuridhika mapema. Nadharia ya Model 12 iliyotiwa silivu ilieleza vitu viwili vizuri sana, muhuri wa 1954 na duara la mdomoni, na uzuri wake ndio ulionilevya, kwa sababu kiduara cha kwenye kizibo kilikuwa cha tatu na hakikueleweka, nikakipa udhuru badala ya kukipa nafasi. Halafu mwanya wa kitako nao nikaupa udhuru. Udhuru wa pili ulitakiwa uniamshe. Wanunuzi wa magari yaliyotumika wanalijua hili kuliko sisi: rangi ya mlango ikitofautiana kidogo unaweza kusema jua, lakini na boneti nayo ikikataa kufunga, gari limegongwa.

Steli wuli. Hatujui imekula kiasi gani cha zile herufi, ila TRAL na A ndizo zilizobaki. Rangi ya zamani ya chuma kwenye kibonde, kama ilikuwa tofauti na sehemu nyingine, ingetuambia kibonde kilisuguliwa kabla au baada ya kazi ya silivu. Imekwenda na maji. Sasa hivi nikipigiwa simu na mtu amepata bunduki ya kale neno langu la kwanza ni usiiguse, piga picha, pande zote, hata chini ya mbao kama unaweza kufungua skrubu ya kitako bila kuichubua.

Kuipiga kabla ya fundi kuiona lilikuwa kosa la wote wawili. Muhuri wa upimaji unakwambia ilivumilia siku ile ilipopimwa, haukwambii lolote kuhusu springi miaka mingi baadaye. Risasi nne kugoma ni bahati, kuna namna mbaya zaidi za kuonyeshwa kwamba chuma kimechoka. Na risasi ikigoma usifungue kizibo mara moja, elekeza mtutu kwenye shabaha ungoje, maana nyingine huchelewa tu. Hilo tulilifanya.

Barua ya mnada ilifanya kazi kwa sababu haikuwa na neno kughushi. Najua wengine watasema tulikuwa wapole mno, kwamba kampuni inayochukua asilimia 25 iwajibike kusoma bodi la bunduki inayoiuza, na sitabishana nao sana. Lakini ungesema kughushi ungelazimika kuthibitisha nia, na chuma chenyewe kilikuwa kinashuhudia kinyume.

Kuhusu thamani, wengi wananiuliza kama alipoteza. Kwa bei ya soko, ndiyo, kidogo, kadeti iliyobadilishwa haifiki Model 12 safi. Kwa upande wa utafiti alipata zaidi, maana Model 12 ningemwonyesha kwenye orodha ya zamani kwa dakika tano na habari ingeisha, wakati hii ina mvulana wa Australia, ghala la serikali, fundi asiyeacha jina na nyumba ya upimaji ya Birmingham, vyote kwenye kipande kimoja cha chuma kisichozidi kiganja.

Ile picha ya tochi ameichapisha, ameibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake. Saiti ya nyuma ni Parker-Hale kweli, hapo katalogi haikukosea, na kuna mzee klabuni ameshamwomba amuuzie mara mbili, mara ya mwisho kwa pauni 90. Hauzi.